Uchovu wakati wa tiba ya saratani: sindano za Kichina, kubonyeza kwa vidole au mazoezi?

Uchovu unaoletwa na tibakemia au mionzi hauondoki kwa kulala. Mtu anaamka akiwa hoi kuliko alivyokuwa alipopanda kitandani, na wanaomuuguza huanza kudhani anadeka. Juu yake kuna kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu, mdomo mkavu, ganzi ya vidole na, kwa akina mama wa saratani ya matiti wanaomeza vidonge vya kushusha homoni, maumivu ya viungo. Kichefuchefu kina dawa nzuri. Uchovu wenyewe hauna kidonge kinachofua dafu, na hapo ndipo kila mtu anapogeuka mshauri: nenda ukachomwe sindano za Kichina, jibonyeze mwenyewe, tembea, hapana, pumzika.

Tunalinganisha hapa njia tatu: tiba ya sindano za Kichina (akupancha), kubonyeza nukta zilezile kwa vidole, na mazoezi mepesi. Dawa za kuzuia kutapika kama ondansetroni na deksamethasoni hazimo kwenye ulinganisho kwa sababu haziachwi. Utakachochagua kinaongezwa juu yake. Na hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayotibu saratani. Anayekuahidi kwamba sindano zake zitayeyusha uvimbe, muage na uende zako.

Vigezo

Kila njia tumeitazama kwa mambo matano: inavyofanywa na kwa kipimo gani, inasaidia kero ipi na ushahidi wake una uzito gani, inapoharibika, gharama pamoja na nauli na muda, na inamfaa nani. Jambo la pili ndilo linalosahaulika zaidi. Watu husema "akupancha inasaidia" bila kutaja inasaidia nini, ilhali njia inayopunguza maumivu ya magoti huenda isifanye lolote kwa ganzi ya nyayo.

Kabla ya yote, damu ipimwe

Afrika Mashariki saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoongoza kwa wanawake, na wengi wao huwa wamevuja damu kwa miezi kabla ya kufika hospitali kubwa kama Ocean Road, Bugando au Mulago. Uchovu wa mgonjwa kama huyo unaweza kuwa ni upungufu wa damu mtupu. Hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ya 7 haipandishwi kwa sindano wala kwa matembezi. Hilo ni la daktari, aamue kama ni kuongezewa damu au vinginevyo.

Zipo sababu nyingine zinazotibika. Sisplatini, dawa mojawapo ya tibakemia, hufanya mwili upoteze magnesiamu na potasiamu kupitia figo, na misuli hulegea. Mionzi ya shingo inaweza kudhoofisha tezi ya shingo miezi kadhaa baadaye, mtu akawa mzito, mwenye baridi na usingizi. Malaria haijui kwamba una saratani. Deksamethasoni ikimezwa jioni humweka mtu macho usiku kucha. Muulize daktari kama dozi ya mwisho inaweza kumezwa kabla ya saa nane mchana. Maumivu yasiyotulizwa na huzuni ya muda mrefu navyo huchosha mwili kama kazi ya shamba. Na homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa tibakemia si uchovu wa kusubiri kesho: ni dharura ya siku hiyohiyo, usiku au mchana.

1. Sindano za Kichina

*Inavyofanywa.* Sindano ni nyembamba mno, nyingi zikiwa na unene wa milimita 0.16 hadi 0.30, hazina tundu wala dawa ndani. Unalala, zinachomwa chache au hadi kama 20, zinaachwa dakika 20 hadi 30. Unachopaswa kuhisi ni uzito, joto au maumivu butu yanayosambaa kidogo. Maumivu makali kama ya kupigwa shoti maana yake imegusa neva. Sema hapohapo irudishwe nyuma. Kwa uchovu, nukta zinazotumiwa sana ni tatu kila upande: ya kwanza vidole vinne chini ya pia ya goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa ugoko; ya pili vidole vinne juu ya kifundo cha ndani cha mguu, nyuma tu ya mfupa; na ya tatu mkononi, kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ratiba ya kawaida ni mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Ukifika mara ya nne hadi ya sita bila badiliko lolote, hela yako ina kazi nyingine.

Kula kitu chepesi saa moja au mbili kabla. Wanaozimia kwenye kitanda cha akupancha mara nyingi ni waliokwenda na njaa, au waliochomwa wakiwa wameketi. Baadaye usingizi unaweza kukujia, kwa hiyo usijiendeshe pikipiki mara tu unapotoka.

*Inasaidia nini.* Kwa uchovu, jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2012 lilichukua wanawake 302 wa saratani ya matiti. Waliopata sindano kwa wiki 6 walipungua uchovu waziwazi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba hapakuwa na kundi la sindano bandia, kwa hiyo huwezi kujua ni kiasi gani cha nafuu kilitokana na sindano na kiasi gani kilitokana na kulala dakika 20 mbele ya mtu anayekusikiliza. Ikumbukwe pia kwamba wengi wa waliochunguzwa kwenye eneo hili walikuwa wameshamaliza tibakemia. Ushahidi wa uchovu katikati ya tiba ni mwembamba zaidi.

Kwa maumivu ya viungo yanayoletwa na vidonge kama letrozoli na anastrozoli, ushahidi ni imara kuliko kwa kero nyingine nyingi. Jaribio la Marekani la mwaka 2018 lenye wanawake 226 lilitoa sindano mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, kisha mara moja kwa wiki kwa wiki 6 nyingine. Kwenye kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yalishuka kwa takriban pointi 2 kwa waliochomwa kweli, na pointi 1 kwa sindano bandia na kwa waliokuwa wanasubiri zamu. Tofauti ni pointi moja. Kwa mama aliyekuwa karibu kuvitupa vidonge vyake pointi hiyo si haba. Kwa mwenye maumivu ya 3 huenda asiione.

Kwa kutapika, jaribio la mwaka 2000 kwa wanawake 104 waliopewa tibakemia kali lilionyesha sindano zenye umeme mdogo zikipunguza kutapika kwa siku 5, kutoka wastani wa mara 15 kwa dawa peke yake hadi mara 5. Lakini dawa za kuzuia kutapika za sasa ni bora kuliko za wakati ule, kwa hiyo usitarajie pengo la ukubwa huo leo.

Mdomo mkavu wa mionzi ya kichwa na shingo una habari ya kushangaza. Jaribio la pamoja la Shanghai na Texas, wagonjwa 399, lilichapishwa mwaka 2019: waliochomwa mara tatu kwa wiki kipindi chote cha mionzi walikuwa na ukavu mdogo mwaka mmoja baadaye kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hata hivyo, Texas sindano bandia zilisaidia karibu sawa na za kweli, Shanghai hazikusaidia. Kila mtu achukue funzo lake hapo.

Ganzi ya dawa za tibakemia kama paklitakseli ni jambo la kwenda nalo taratibu. Sindano za umeme zilipojaribiwa kama *kinga* wakati tibakemia ikiendelea, hazikuzuia ganzi, na waliozipata walichelewa kupona. Usikubali kuuziwa kifurushi cha "kukinga neva".

*Inapoharibika.* Hapa ndipo sindano zinapotofautiana na njia nyingine mbili, kwa sababu zinatoboa ngozi ya mtu ambaye kinga yake imeshushwa. Chembe nyeupe hufika chini kabisa takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu ya tibakemia. Neutrofili (chembe nyeupe zinazopambana na bakteria) zikiwa chini ya 1,000 kwa mikrolita, ahirisha. Chini ya 500, usichomwe kabisa. Chembe sahani (zinazogandisha damu) chini ya 50,000 zinahitaji ruhusa ya daktari wa saratani, na chini ya 25,000 jibu ni hapana. Kama mzunguko wako ni wa siku 21, wiki ya tatu ndiyo salama zaidi. Nenda na karatasi ya picha kamili ya damu mkononi. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme kabla hajalala.

Mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapani hauchomwi, uwe umevimba au la. Vivyo hivyo mguu uliovimba baada ya mionzi ya nyonga, mguu wenye madoa ya saratani ya Kaposi, ngozi iliyoungua kwa mionzi na sehemu yenye uvimbe. Mwenye betri ya moyo asiunganishwe umeme. Mjamzito asichomwe nukta ya kidole gumba wala ya kifundo cha mguu. Sindano za kifuani na mgongoni juu zikizama zaidi zinaweza kutoboa pafu: ukianza kuhema kwa shida au kuchomwa na maumivu ya kifua saa chache baada ya kutoka, nenda hospitali na utaje kwamba umechomwa sindano.

Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako, itumike mara moja na itupwe kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali. Kataa "sindano zako mwenyewe tutakutunzia". Kataa pia kuchomewa majani ya moto karibu na nyayo zenye ganzi. Utaungua bila kusikia. Na pakiti ya mizizi inayotolewa mlangoni unapotoka, iache. Ini linalochakata tibakemia ndilo litakalochakata na hiyo, na hakuna anayejua kilichomo.

Pwani wapo wanaochanganya haya na hijama. Si kitu kimoja. Kuumika kwa kuchanja chale katikati ya tibakemia, chembe sahani zikiwa chini, ni kujitafutia damu isiyokata na usaha.

*Gharama.* Kikao kinalipiwa kila mara, na mara nyingi bima hailipi, uliza kwanza. Nauli ya wiki 6, ya mgonjwa na anayemsindikiza, inaweza kuzidi bei ya kikao. Kliniki zenyewe si ngeni: madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Tanzania mtoa tiba mbadala anapaswa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Omba kuona usajili, kisha uliza swali moja: "Unachunguza nini kwenye picha ya damu kabla ya kunichoma?" Asiyekuwa na jibu hajawahi kuwahudumia wagonjwa wa saratani.

*Inamfaa nani.* Mama mwenye maumivu ya viungo ya vidonge vya homoni. Aliyemaliza tibakemia lakini uchovu umemng'ang'ania. Anayeishi karibu na kliniki inayoaminika na ambaye chembe zake zimepanda.

2. Kubonyeza kwa vidole

*Inavyofanywa.* Nukta ni zilezile, chombo ni kidole gumba au upande wa kifutio wa kalamu ya risasi. Bonyeza hadi usikie maumivu butu ya kuvumilika, zungusha kidogo bila kusugua ngozi, dakika 3 kila nukta, mara moja kwa siku, kwa wiki 6.

Kuna seti mbili. Ya kutuliza, inayofaa jioni, ina nukta katikati ya nyusi. Kibonyeo nyuma ya sikio. Mkunjo wa kifundo cha mkono, kiganja kinapoanzia, upande wa kidole kidogo. Juu ya kifundo cha ndani cha mguu kama ilivyoelezwa hapo juu. Na juu ya wayo kati ya kidole gumba na kinachofuata. Ukifanya pande zote mbili ni karibu nusu saa. Seti ya kuchangamsha hutumia utosi, tumbo chini ya kitovu, kati ya gumba na shahada, chini ya goti, kifundo cha mguu na unyayo. Hiyo ifanywe asubuhi. Anayeifanya saa nne usiku asishangae kukodoa macho darini.

Kwa kichefuchefu nukta ni moja. Geuza kiganja juu, weka vidole vitatu vya mkono wa pili kuanzia mkunjo wa kiganja kwenda juu ya mkono, kisha bonyeza katikati ya kano mbili zinazojitokeza ukikunja ngumi. Vidole viwe vya mgonjwa mwenyewe, si vya mwanawe mwenye mkono mkubwa. Kosa la kipimo ndilo linalofanya wengi waseme haifanyi kazi. Dakika 3 asubuhi, halafu kila kinaporudi. Ipo mikanda ya kuvaa yenye kifungo kinachokandamiza hapo. Ivuliwe vidole vikianza kufa ganzi.

*Inasaidia nini.* Jaribio la Michigan lililochapishwa mwaka 2016 liliwagawa wanawake 288 waliokwishamaliza tiba ya saratani ya matiti na wakabaki na uchovu. Baada ya wiki 6, waliorudi kwenye kiwango cha kawaida cha uchovu walikuwa 66 kati ya 100 kwa seti ya kutuliza, 61 kwa ya kuchangamsha, na 31 kwa waliobaki na huduma ya kawaida. Seti ya kutuliza iliboresha na usingizi. Hapa pia hapakuwa na kubonyeza kwa uongo, na seti zinazodaiwa kuwa kinyume zilipokaribiana hivyo, mwenye shaka ana haki ya kuuliza kama nukta zenyewe ndizo zilizofanya kazi. Nukta ya mkononi imeonyesha nafuu kwa kichefuchefu katika baadhi ya majaribio.

*Inapoharibika.* Mara nyingi haidhuru. Inakwama kwa kuachwa siku ya nne. Chembe sahani zikiwa chini, bonyeza kwa wepesi, utavilia damu. Mkono au mguu uliovimba uachwe. Muhimu kuliko yote: shavu la mguu mmoja likivimba ghafla, likauma na kuwa la moto, usilikande wala usilibonyeze. Saratani huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na bonge likisukumwa huenda hadi kwenye mapafu. Hapo ni hospitali.

*Gharama.* Hakuna, zaidi ya muda na mtu wa kukuonyesha mara ya kwanza.

*Inamfaa nani.* Aliye mbali na mji, ambaye chembe zake ziko chini (kwa kubonyeza kwa wepesi), anayeogopa sindano baada ya kuchomwa kila wiki, na ndugu anayeuguza ambaye anatafuta kitu cha kufanya kwa mikono yake.

3. Mazoezi mepesi

*Inavyofanywa.* Lengo ni dakika 30 za kutembea kwa mwendo wa wastani mara 3 kwa wiki, na mazoezi ya misuli mara 2 kwa wiki, kwa wiki 12. Lengo si mwanzo. Anayechoka akienda chooni aanze na dakika 5 asubuhi na 5 jioni, aongeze dakika 5 kila wiki. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kwa misuli, kaa na kuinuka kwenye kiti mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Kisha inua chupa za maji za nusu lita. Siku tatu za kwanza baada ya dripu punguza nusu, usiache kabisa. Tembea alfajiri au jua likishapoa. Ngozi iliyopigwa mionzi haitaki jua la saa sita.

*Inasaidia nini.* Ndiyo njia yenye ushahidi mpana zaidi kwa uchovu, na inafanya kazi wakati tiba ikiendelea. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliojumuisha tafiti 113 na wagonjwa zaidi ya 11,000 ulikuta mazoezi na tiba za kisaikolojia zinapunguza uchovu kuliko dawa. Yanasaidia na usingizi, mwendo wa choo ulioharibiwa na ondansetroni, na moyo mzito. Kwa kichefuchefu na mdomo mkavu usiyategemee.

*Inapoharibika.* Kosa kubwa ni la siku nzuri: mtu anaamka na nguvu, anafua, anapika, anakwenda sokoni, halafu analala siku tatu. Gawanya nguvu. Usifanye ukiwa na homa, hemoglobini chini ya 8, maumivu ya kifua au kizunguzungu. Saratani iliyofika kwenye mifupa inataka ushauri kabla ya kuinua chochote au kuinama sana, mfupa unaweza kuvunjika. Waliopewa tibakemia ya doksorubisini wakihema isivyo kawaida wapimwe moyo. Anayemeza vidonge vya tibakemia vya kapesitabini akianza kuchubuka nyayo apunguze kutembea, afanye ya kiti.

*Gharama.* Viatu laini na mtu wa kufuatana naye. Gharama isiyoonekana ni utashi, ambao ndio uchovu unaoula kwanza.

*Inamfaa nani.* Karibu kila anayeweza kusimama, lakini si kila siku na si kwa kipimo kimoja.

Kwa hali yako

Uko katikati ya tibakemia na kero kuu ni uchovu: anza na matembezi, ongeza seti ya kutuliza jioni kama usingizi umeharibika. Sindano zinaweza kusubiri.

Unapata sisplatini na kichefuchefu kinakushika siku ya pili hadi ya tano: kwanza mwambie daktari dawa hazitoshi, zipo za kuongezwa. Nukta ya mkono tumia sambamba. Sindano, kama zipo karibu, zipangwe siku ya dripu au moja kabla, damu ikiwa imepimwa.

Viungo vinauma kwa sababu ya letrozoli na unafikiria kuiacha: usiiache kimyakimya. Hapa sindano zina hoja nzuri, mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, na mazoezi yaendelee.

Ganzi ya nyayo inazidi kila dripu: hilo ni la daktari kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa dozi inaweza kupunguzwa. Mazoezi yawe ya kiti, kwani kuanguka ni rahisi.

Unaanza mionzi ya shingo na ipo kliniki ya sindano ndani ya hospitali au jirani: uliza mapema, kwa sababu faida iliyoonekana ilitokana na kuanza pamoja na mionzi, mara tatu kwa wiki. Kama hilo haliwezekani, usijilazimishe kwa nusu yake.

Umemaliza tiba miezi sita iliyopita, damu ni nzuri, uchovu haujaondoka: njia zote tatu ziko wazi. Chagua kwa mfuko na umbali, jipe wiki 6, na kila Jumapili andika uchovu wako kwa namba, 0 hadi 10. Namba isiposhuka hata kwa 2, badilisha njia.

Unalala zaidi ya nusu ya mchana: usianze na lolote kati ya haya kabla daktari hajakuona tena.